Kisanduku Kilichotoboka

Thacienne hachagui mandazi, anachagua gazeti. Kila asubuhi hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, anasimama mbele ya sinia ya Uwamariya, muuza mandazi, na kupindua karatasi za kufungia mpaka aone ile yenye mchezo wa namba: nyumba tisa, kila nyumba vyumba tisa. Moja mpaka tisa zote zinaingia, na wawili wa jina moja hawakai nyumba moja, wala mstari mmoja, wa kulala au wa kusimama. Herufi zilimkimbia tangu utoto kama kuku waliofunguliwa. Namba zinakaa pale anapoziweka.

Jirani yake, mzee Gélase, aliyefundisha katekisimu kule Burundi, ana ugonjwa huohuo. Ananakili mchezo kwenye karatasi yake, halafu kila mtu na biki yake, mgongo kwa mgongo, hakuna kuchungulia.

Siku moja walimaliza pamoja, wakalinganisha. Ajabu! Vyumba vinne vya chini havikufanana. Pale Gélase alipoweka nne, Thacienne ana saba. Pale pa saba, ana nne.

"Mama Irakiza, leo njo umeanguka!" Gélase alimwambia Thacienne kwa sauti ya kufika mpaka bombani, wanawake walipokuwa wanangoja maji.

"Mi? Nianguke? Bantu bote basikie: kama nimekosa, sishiki tena biki mpaka munizike!"

Neno likatoka. Akajuta hapohapo, maana asubuhi bila namba ni chai bila sukari. Lakini Thacienne hajawahi kulamba neno alilotema, na hakutaka kuanza mbele ya Gélase.

Wakakagua nyumba kwa nyumba. Ya Gélase sawa. Ya Thacienne sawa.

"Haiwezekani," alisema Gélase. "Bibi arusi mumoja, bwana wawili?"

"Basi bwana wa uongo njo wewe."

Kesho yake akapanda minibasi na Uwamariya, wakaenda Kawale, mjini Lilongwe, kwa muuza magazeti ya zamani anayemuuzia Uwamariya karatasi za kufungia. "Agogo, taratibu!" kijana alilia, maana bibi huyu alikuwa anabomoa mlima wake wa karatasi. Thacienne hakusikia. Alikuwa anatafuta picha ya mwanamke aliyekumbatia boga, iliyokuwa juu ya mchezo wao. Akaipata. Ukurasa mzima, safi.

Akakaa chini palepale. Katika chumba kimoja cha chini gazeti lilikuwa limeandika nne. Kwenye lao la jana palikuwa na tundu dogo. Andazi la moto lilikuwa limeng'ang'ania karatasi, yeye akalivuta, akatafuna yote pamoja. Na wazee wawili wakadhani tundu ni chumba kitupu kama vingine.

Nne. Kama ya Gélase.

Uwamariya akachungulia. "Mama, hii tufungie tu mandazi. Nani atajua?"

"Mi nitajua. Na tena inasema sikukosa. Ikunje vizuri, mwanangu."

Jioni aliweka magazeti mawili mbele ya Gélase, akatia kidole kwenye tundu. "Tazama, Mwalimu. Hapa palikuwa nne. Iliondoka na mandazi."

Gélase akatazama tundu, akamtazama mdomo, akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Kumbe namba uliikula! Basi nimeshinda."

"Umeshinda. Lakini bila ile nne, zote mbili ni za kweli. Mi sikukosa." Kiapo chake kilikuwa mikononi mwa huyu mzee, na mzee huyu alipenda sana kushinda.

Gélase akaokota kofia, akaipangusa polepole kupita kiasi. "Hukukosa," alisema mwishoni. "Na ukiacha, mi nitapigana na nani? Na ukuta?"

"Sema kwa sauti. Jana ulikuwa nayo."

Basi Gélase akasimama, akageukia bombani, akakusanya mikono mdomoni:

"Mama Irakiza hakukosa! Alikula tu!"

Pale bombani bidoni za maji zikaanguka kwa kicheko.

"Hiyo ya mwisho sikukuomba," alisema Thacienne.