Mwenye Mbwa

Sabuni ya mche ikilowa, harufu yake hunirudisha kwenye mguu wa binti wa jirani yetu, kule Ilemela. Mbwa wetu alikuwa amemng'ata, na mama yake alikuwa anauosha huku analia. Mwenyekiti wa mtaa akamwambia baba, "Mzee, mwenye mbwa ndiye anayempeleka mtoto akachomwe sindano ya kichaa cha mbwa. Huyu si wako?"

"Mimi sina mbwa," baba akasema. "Huyo anazurura tu."

Nilikuwa nimeshika bakuli la vichwa vya sato, chakula cha mbwa huyo. Nikalificha mgongoni.

Binti hakuchomwa sindano. Wiki chache baadaye alianza kuogopa maji, akafa. Kaburi alilichimba baba, kwenye ardhi ya mawe matupu. Kila aliyetaka kumpokea sululu alimkatalia.