Homa Ambayo Sikuwa Nayo

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mimi na wenzangu wawili tulichukua pikipiki ya mpeleka chakula mmoja kule Ruwi, tukaizungusha mitaani, tukaiangusha. Hakimu wa watoto aliona tumekosa, lakini hukumu yangu hakuisoma. Aliiahirisha kwa miezi sita. Nikishika masharti, faili litafungwa bila hukumu, nikiyavunja, ataisoma. Sharti kubwa lilikuwa niwe nyumbani kabla ya magharibi.

Miezi mitano nililishika. Halafu jirani yetu akafiwa na baba yake huko Yiti. Bibi, ambaye ndiye aliyenilea, akaniambia, "Nenda kawamiminie watu kahawa. Nyumba nzima asionekane mtu msibani, watasemaje?"

"Na magharibi, bibi?"

"Utarudi kabla. Mimi mguu wenyewe ndo huu."

Msibani kahawa humiminwa na vijana, na kijana haondoki wageni wakiwa wamekaa. Wageni hawakuisha. Adhana ilinikuta na birika mkononi, na niliona haya kumwambia mtu yeyote kwamba mahakama inanitaka nyumbani.

Jioni hiyo mwangalizi wangu, mama mmoja aliyepewa kazi ya kunifuatilia, alipiga simu nyumbani. Bibi akamjibu kwamba nimelala, nina homa. Niliporudi hakuniambia kitu. Aliona amenisitiri, yamekwisha.

Asubuhi nilikwenda ofisini kutia saini kama kila wiki. Mwangalizi akaniuliza, "Homa imepungua?"

Nilielewa palepale bibi amefanya nini. Ningeitikia tu, ingekuwa basi. 

"Sikuwa na homa," nikasema. "Nilikuwa msibani."

Akavua miwani. "Mngenipigia simu, kwa msiba ningekuruhusu. Sasa kuna kuchelewa, na juu yake kuna uongo. Lazima nimwandikie hakimu."

Alinipa karatasi niandike maelezo yangu. Shule niliiacha darasa la sita na mkono wangu ni mzito. Mistari minne ilinichukua karibu saa nzima, na sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda kwenye mstari wa bibi, ambaye mwishowe sikumtaja.

Mahakamani, bibi akiwa kando yangu, hakimu aliisoma ile karatasi, akauliza ni nani aliyejibu simu. Sijafungua mdomo, bibi amekwisha kusimama.

"Mimi. Mtoto hakujua."

Hakimu aliiweka karatasi mezani. Kisha akasema hukumu itabaki imeahirishwa kwa sababu nimesema kweli, lakini miezi sita inaanza upya leo, na nikivunja tena hatauliza sababu. Miezi yangu mitano ikapotea hivyo.

Nje, kwenye ngazi, bibi akasema, "Ungemwambia ndiyo, nna homa, ungekufa?"

"Angepiga tena siku nyengine, bibi. Ungemwambia nna nini?"

"Tumbo."

Hakucheka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Uzee wote huu, leo nimesimama mbele ya wanaume nikajitangaza mwongo."

 Nilimpa mkono ashuke, akaukataa. Kwenye ngazi ya tatu akaushika, akaukaza kweli.

"Haya, twende upesi," akasema. "Magharibi isitukute njiani."

Ilikuwa saa nne ya asubuhi.