Plagi Niliyoipenyeza Mlangoni

Nakumbuka Ijumaa moja ya masika, mwanangu, wanaume wote wako msikitini na mtaa umenyamaza, mimi nimesimama nyuma ya mlango wa chumba changu nikimsikiliza mwizi akihesabu. Moja, mbili, tatu, mpaka ishirini. Alihesabu kwa sauti na hakuruka hata namba moja. Mimi ndiye niliyemwambia ahesabu.

Lakini nimeanzia katikati. Ngoja nirudi nyuma, maana mimi shule sikukaa sana, nikisimulia huwa naanza na lile linalouma.

Naitwa Fatu binti Lihumbo, kwetu Kilangala. Ilikuwa bado enzi ya Mwingereza nilipoolewa na Shaweji Mtopwa wa Kilwa Kivinje. Shaweji alikuwa fundi wa mashine za kusaga. Kijiji hiki mashine imekufa, kile mkanda umekatika, wanamwita yeye. Na alikuwa na pikipiki, kuukuu, aliyoinunua kwa mzungu mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa anarudi kwao. Wakati ule pikipiki haikuwa kitu cha kila nyumba kama leo. Wazee waliiita tukutuku, na ikipita watu walitoka barazani kuitazama. Kwa Shaweji ndiyo ilikuwa miguu yake na ndiyo sahani yetu. Bila hiyo, mashine ya Nangurukuru ikiharibika asubuhi, atafika na mkoba wake wa spana jua limekwisha kupinda.

Aliilinda kuliko nafsi yake. Hakuiacha nje. Jioni aliisukuma mpaka ukumbini, nyuma ya mlango wa mbele, akapitisha mnyororo kwenye gurudumu na kwenye nguzo ya nyumba, akatia kufuli. Akisafiri bila hiyo, alifungua plagi ya kuwashia injini, akaifuta mafuta, akanipa mkononi.

"Hii ndiyo roho yake," aliniambia. "Bila hii ni chuma tupu. Itunze wewe."

Nikaiweka kwenye kopo la chai pamoja na ufunguo wa kufuli, nikalifunga kwa kanga yangu ya harusi, nikalilaza ndani ya kasha, chini kabisa. Mahali pale tulipajua wawili tu.

Sasa nikuambie habari ya kukaa ndani. Kwetu Kilangala mwanamke analima, anapalilia korosho, anamsalimu kila apitaye. Kivinje kwa waungwana ilikuwa vingine. Mke mpya hakai barazani, haonyeshi uso kwa mwanamume asiye wake. Akibisha mwanamume, unamjibu ukiwa nyuma ya mlango, na ukimpa kitu unafunika vidole kwa kanga ili asione hina. Shaweji aliniomba niifuate desturi ile walau mwaka mmoja, watu wa kwao wasiseme ameleta mshamba. Nikakubali. Nilimpenda, ningekubali hata miwili.

Ila hakuna aliyeniambia ukimya wa nyumba ile utakuwaje. Shaweji alikuwa mtu wa safari. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Somoe Issa, mwanamke mtu mzima, na uani tumetengwa na ua wa makuti. Nilimsikia akikuna nazi, akikohoa, akiwasema kuku wake. Miezi sita sikumwona sura, wala yeye hakuniita. Nilikuwa mgeni wa bara, na Kiswahili changu kilikuwa na Kimwera ndani yake, kila nikifungua mdomo nilihisi watu wanacheka. Nikaufunga. Kuna siku jua lilichwa nikagundua sijasema hata neno moja tangu alfajiri, isipokuwa katika sala.

Masika yale mto ulikata barabara. Mashine moja ya Lindi ikaharibika, Shaweji akapanda boti na mkoba wake, pikipiki ikabaki ukumbini. Alisema atakaa siku kumi.

Siku ya pili ikaja hodi.

"Hodi wenyewe. Naomba maji ya kunywa."

Nikamtolea kata kwa upenyo wa mlango, mkono umefunikwa. Akanywa, akashukuru, akasema, "Dada, wewe si wa hapa. Sauti yako ya kwetu." Kisha akaniamkia kwa Kimwera.

Mwanangu, siwezi kukueleza salamu ile ilivyoniingia. Nilikalia sakafu palepale nyuma ya mlango, nikamjibu. Akasema anaitwa Bakari, ana shangazi Mitwero, anapita kutafuta vibarua. Akaniuliza kwetu wamevuna nini. Nikamwambia. Mara ikawa adhuhuri.

Alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Sura yake sikuiona. Nilichokiona ni miguu chini ya mlango, amevaa katambuga za mpira wa gari, ya kushoto ugwe wake umeshonwa kwa uzi mwekundu. Alikuwa mcheshi.

"Dada Fatu, mumeo kakuachia nini cha kukuchekesha?"

"Kaniachia chuma," nikasema, nikicheka. "Wenzangu wanaachiwa watoto, mimi nalea plagi. Nimeifunga kwa kanga ya harusi kama kichanga, inalala kasha zima peke yake."

"Ama kweli umeolewa na pikipiki."

"Na mwenziwe mnyororo. Ufunguo ndio mdogo wake, wanalala kopo moja."

Tukacheka sote. Nilicheka mpaka machozi, kwa kuwa kuna mtu wa kucheka naye. Wala sikukumbuka baadaye kwamba nimesema neno lolote la maana. Yalikuwa mazungumzo tu.

Ijumaa ile akaja wakati wa sala. Sauti yake leo ilikuwa ya haraka.

"Dada Fatu, nimetoka Nangurukuru. Mumeo yuko pale, amekuja na lori, barabara imefunguka. Mashine ya pale imekufa na hana cha kumrudisha. Amenituma nimpelekee pikipiki."

Si kwamba sikuwa na akili, mwanangu. Nikamuuliza, "Nitajuaje kama ni yeye aliyekutuma?"

Akajibu bila kusita, "Amesema utoe plagi iliyo kwenye kopo, ndani ya kanga ya harusi, humo kashani. Na ufunguo uko humohumo."

Moyo ukatulia kabisa. Nani mwingine angejua? Lilikuwa neno langu mwenyewe linanirudia kwa mdomo wa mtu, nami nikalipokea kama salamu ya mume wangu.

Nikafungua kasha. Nikaipenyeza plagi mlangoni, na ufunguo, vidole vimefunikwa vizuri asije akaona hina. Hilo ndilo nililolichunga. Nikamwambia, "Nitaondoa komeo, kisha nitaingia chumbani. Hesabu mpaka ishirini ndipo uingie." Akahesabu. Nikasikia mnyororo unaanguka, magurudumu yanavuka kizingiti. "Kwaheri, dada," akasema, tena kwa upole. Baada ya kitambo nikasikia pikipiki inawaka, mbali, nje ya mtaa.

Alasiri nilioga, nikajipaka wanja, nikapika wali wa nazi na samaki, maana mume wangu yuko Nangurukuru na atarudi jioni. Hakurudi. Jumamosi nikapika tena. Jumapili sikupika.

Jumatatu Shaweji aliingia akitokea bandarini, mabega yamelowa chumvi. Mkononi alikuwa na mpira mpya wa gurudumu, amemnunulia mpenzi wake, pikipiki. Akatazama nguzo. Mnyororo ulikuwa chini.

"Iko wapi?"

"Si ulimtuma mtu?"

"Nimtume nani, Fatu? Nimetoka kwenye boti sasa hivi."

Walikuja askari, wakakaa barazani, nikajibu nikiwa ndani.

"Alikuwaje, mrefu, mfupi?"

"Sikumwona."

"Umempa mtu pikipiki hukumwona?"

"Niliiona miguu."

Mmoja akacheka. Mwingine akauliza, "Ni nani wako huyo?" Nikasema, "Ni mtu aliyenisalimu."

Pikipiki haikuonekana. Ndugu zake Shaweji wakasema anirudishe Kilangala, na kaka yake mkubwa, Athumani, alilisema mbele ya mlango ili nisikie. Nikafunga nguo zangu. Nilikuwa tayari kabisa kuambiwa.

Shaweji hakuniambia niondoke. Hakunipiga, hakunitukana. Alifanya jambo moja tu: aliacha kuniaga. Zamani alikuwa akisema naenda mahali fulani, nitarudi siku fulani. Sasa aliamka, akachukua mkoba wa spana, akatoka kwa miguu. Nikimuuliza unaenda wapi, ananijibu, "Kazini." Sikujua nipike lini, sikujua nimngoje lini. Kama angefia njiani nisingejua nianze kulia siku gani. Mwanangu, mtu akikufungia mlango kwa hasira, siku moja ataufungua. Yule hakuwa na hasira. Aliniona kopo linalovuja, akaacha kunitilia kitu.

Katika siku hizo ndipo Bi Somoe alipokuja. Alibisha mlango wa uani. Nikafungua, na ndiyo mara ya kwanza kumwona. Mfupi, jicho moja lina mtoto wa jicho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Basi wewe ndiye mke wa Shaweji." Akakaa juu ya kinu. "Mimi nilikusikia unacheka na mwanamume mlangoni. Na siku ile nilimwona mgongo, anaisukuma. Nikasema kumbe una ndugu yako yule, huna haja na sisi."

"Sikuwa na mtu, bibi."

Aliutazama ua wa makuti. Kisha akasema, "Wewe una kosa lako, ulimpa mgeni siri ya nyumba. Mtu hapewi siri kwa sababu anajua kuamkia. Lakini na sisi, mwizi katushinda adabu. Yeye alikuja kukujulia hali, sisi hatukuja."

Akaomba panga. Nikampa. Akaukata ua wa makuti palepale, upenyo wa kupita mtu mmoja, kuku wake wakawa wa kwanza kuingia. "Hapa usipazibe," akasema. "Akija mtu yeyote, kabla hujamjibu, niite mimi. Nitachungulia kwa jicho langu hili zima."

Tangu siku ile sikujibu hodi peke yangu. Mimi namshikilia mgeni kwa maneno, Bi Somoe anazunguka mbele na kumtazama miguu mpaka kichwa. Wachuuzi wakawa wanatuogopa. Mmoja alisema nyumba hii ina sauti moja na miili miwili. Nami kila nilipotoka, nilitazama miguu ya watu kutafuta uzi mwekundu. Hata leo natazama, ingawa najua katambuga zile zilikwisha zamani.

Masika mengine yakaja. Asubuhi moja Shaweji, ambaye sasa alikuwa amepata baiskeli, aliegemea nguzo ileile akifunga mkoba. Hakutoka. Nikaona kuna kitu anakitafuta kwenye ulimi.

"Naenda kwenu Kilangala, kwenye mashine," akasema. "Nitarudi Alhamisi."

Nikamshikia mkoba ili amalize kuufunga.

"Akija mtu kusema nimemtuma, mwambie aseme neno hili." Akainama, akaninong'oneza sikioni. Neno dogo tu, si la pikipiki wala la nyumba. Ndipo nilipojua nimerudishwa, si Kilangala, nimerudishwa kwangu.

Sasa mwanangu, nazungumza na wewe uliye na pikipiki. Hapa Mitwero ninapoishi sasa na wajukuu, palepale Bakari alipodai ana shangazi, naziona zimelala barazani, ufunguo unaning'inia kwenye msumari, kila apitaye anauona. Iingize ndani. Kama haina nafasi ndani, ifunge gurudumu na fremu kwa mnyororo mzito, uupitishe kwenye nguzo iliyochimbiwa ardhini, maana gurudumu pekee halimzuii mtu kuibeba. Ufunguo wa akiba usikae karibu na mlango. Usiwaambie wateja wala usiandike kwenye simu kwamba umesafiri wiki nzima. Anayekupigia na kuuliza sana utarudi lini, mjibu kwamba uko nyumbani. Muache jirani aujue mlio wa pikipiki yako, ili ikiwaka saa isiyo yake atoke. Na uwe na neno na watu wa nyumbani kwako, wasitoe kitu kwa mtu asiyelijua, hata akija na jina lako na la mama yako.

Lakini uliye na mke mgeni mjini, au mama mzee anayeshinda peke yake, jua kwamba huyo ndiye komeo lako. Ukimwacha bila wa kusema naye, atakuja mtu atakayemsalimu. Kabla hujanunua kufuli, mtafutie jirani.

Shaweji amelala kaburini miaka mingi, na Bi Somoe alimtangulia. Neno lile alilonong'ona sikioni sijamwambia mtu, hata watoto wangu. Hodi ikibishwa adhuhuri, wajukuu wako kazini na nyumba kimya, huwa nanyamaza kidogo kabla ya kuitikia. Nasikiliza kama atalisema.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akujalie ukitoka uwe na wa kumuaga, ukirudi ukute mlango umefungwa na aliye ndani anaijua sauti yako. Amina.