Kuku wa Pete ya Bluu

Siku ya mwisho ya kuchukua damu niliondoka Garsen asubuhi na furaha ya mtu anayekaribia kumaliza kazi. Nilikuwa nikienda kijiji cha Wema kwa kuku mmoja tu, jike mweusi mwenye pete ya bluu mguuni. Ugonjwa wa kideri ulikuwa umefagia kuku wote wa nyumba ile, yeye akabaki anachakura kana kwamba hayamhusu. Sisi watafiti wa mifugo tulitaka kujua damu yake ina nini, ndiyo maana nilikuwa nikimtoa damu kidogo kidogo, miezi nenda miezi rudi.

Kazi hiyo haitaki ubabe. Kuku akitishwa, hata damu yake husema uongo. Basi nilimzoesha: chenga za mchele kiganjani, leso juu ya kichwa, giza limtulize, ndipo sindano nyembamba iguse mshipa wa ubawa. Leo wa kulia, safari ijayo wa kushoto. Ikafika mahali akiniona anakuja mwenyewe, anaingiza kichwa ndani ya leso. Ofisini wakanicheka, eti nimepata mchumba.

Mwenye kuku, mama wa makamo, kila safari alinikaribisha chakula nami nikakataa kwa haraka zangu. Siku hiyo hakuniuliza. Alitandika mkeka, akaleta maji ya kunawa, wali, na bakuli lililofunikwa.

“Leo huondoki na njaa, mwanangu.”

Kando ya bakuli, kwenye kisahani, palikuwa na pete ya bluu. Ilikuwa imeoshwa vizuri.

Nikafunua bakuli, nikatazama mchuzi, nikaitazama tena pete. Damu ya mwisho, ambayo bila hiyo zile za nyuma hazikuwa na maana, ilikuwa imemwagwa nyuma ya jiko.

“Mama, huyu si ndiye...”

“Ndiye. Wewe wampenda huyu. Nikupe mwingine kwa nini?”

Mwingine yupi? Hakuwa naye. Hasira ilinipanda ikakosa pa kutua, maana alikuwa amenipikia kuku pekee aliyebaki wa kumtagia.

“Ulimkamataje?” nikauliza, ilmradi nisinyamaze.

“Sikumkamata,” akasema, akinipakulia paja. “Nilishika leso tu. Akaja, akaingiza kichwa.”