Baba Yangu na Kipilefti cha Kona ya Waskochi

Baba yangu hajawahi kukanyaga Uingereza, lakini barabara ya A66 anaijua kuliko njia ya kwenda stesheni yetu ya Toongabbie, hapa Sydney. Alijifunza kwenye simu, kochini kwangu, miezi yote ambayo mama alikuwa Appleby, kaskazini mwa Uingereza, akimsaidia mdogo wangu kulea mtoto mchanga. Wanaume wengine wakiachwa peke yao hujifunza kupika. Yeye alijifunza barabara.

“Inaanzia pwani ya magharibi,” ananihubiria huku mimi navaa viatu vya kazini. “Inapita kwenye milima na maziwa, halafu inapanda Stainmore. Huko upepo unapindua malori, na theluji ikizidi wanaifunga. Na haina msimamo! Inapanuka, unafurahi, mara inabana tena, umekwama nyuma ya trekta.” Anaisema kama mtu anayemsema mkwe wake.

Siku ya mama kurudi Sydney, ndege ya kwanza alikuwa aipandie Leeds. Gari la mdogo wangu lina ramani inayoongea, lakini baba aliikataa katakata. Huku jioni, kule asubuhi, simu tukaiweka mezani, akaanza kuongoza. Brough wakapita salama. Stainmore mtandao ukapotea, baba akawa anaizunguka meza. Walipofika Bowes wakasikika tena.

“Sasa mnaingia Kona ya Waskochi!” akapaza sauti. “Hapo kipilefti! Kipilefti, mwanangu, halafu kulia!”

Kwetu Morogoro, kipilefti ni ule mzunguko wa njia panda. Mdogo wangu amekulia Sydney. Kiswahili anakielewa, hujibu kwa Kiingereza, na neno hilo hakuwahi kukutana nalo. Alichosikia ni baba yake akimwamuru kwa Kiingereza ashike kushoto. Akashika kushoto, akawa anaisubiri hiyo kulia.

“Baba,” akasema baadaye, akisoma kibao cha barabarani, “why does it say Durham?”

Baba akakaa chini. Durham ni kaskazini, Leeds ni kusini, na kwenye barabara kuu waliyoingia huwezi kugeuza gari popote unapotaka.

“Nani kakutuma kushoto?”

“You did! Keep left, keep left!”

Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani. Baba hakucheka. Aliishika simu kwa mikono miwili.

“Mama watoto,” akaita, sauti imebadilika. “Ndege ikikuacha mimi nitafanyaje? Nyumba imepoa. Huyu mwanao anapika wali kama uji. Rudi, mke wangu. Nakupenda.”

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema hivyo, hata siku moja. Kisha mdogo wangu akatangaza kwamba amepata pa kugeuzia, na muda bado upo.

“Mzee,” mama akasema, “mtandao ulikatika. Ulikuwa unasemaje?”

Haukuwa umekatika hata kidogo. Nilikuwa namsikia hadi mtoto akikoroma kwenye kiti cha nyuma. Baba akasimama, akakohoa, akarudia yote kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, pamoja na ile habari ya wali.