Uzi Mweusi Juu ya Ubao wa Shogi

Nakumbuka Alhamisi moja ya mwezi wa pili, saa nane na dakika arobaini mchana, nilipofungua chupa ya mafuta ya nazi ndani ya nyumba ya mtu mwingine bila kumwomba ruhusa. Saa naikumbuka kwa sababu kazini tuliandika kila kitu: saa ya kuingia, saa ya kutoka, dawa iliyonywewa, chakula kilichobaki sahanini. Hilo la mafuta sikuliandika.

Mwanangu, ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili, nami nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikaa Alby, pembezoni mwa mji mkuu wa Waswidi, na kazi yangu ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani mwao. Mmoja wao alikuwa Gunnar, Mswidi wa miaka themanini na moja, aliyeishi peke yake upande wa Hornstull, ndani ya mji. Watu wa huku huitana kwa jina tupu, mdogo kwa mkubwa, na yeye mwenyewe aliniambia nimwite Gunnar. Ulimi wangu wa Tanga ulikataa. Nikamwita Mzee Gunnar. Aliuliza maana ya "mzee", nikamweleza, akafikiri kidogo, kisha akasema basi na iwe hivyo, maana hakuna aliyewahi kumpa cheo bila mtihani.

Mke wake alikuwa Mjapani, jina lake Keiko, na alikuwa amefariki miaka sita kabla sijafika. Alichomwachia mumewe, ukiacha picha, ni shogi. Shogi ni mchezo wa Kijapani wa watu wawili, wenye majeshi mawili ya kete bapa zilizochongoka mbele, kila kete imechorwa cheo chake: mfalme, jemadari, mpanda farasi, mkuki, askari wa miguu. Seti ile ilikuwa zawadi ya harusi kutoka kwa baba yake Keiko, na haikuwa kitu cha dukani. Ubao wake ulikuwa mnene kama kigoda, wenye miguu minne, umechongwa kutoka mti mmoja wa manjano unaokua polepole mno. Kila kete ilichongwa kwa mkono, na maandishi yake yamezama ndani ya mti kiasi cha kuhisika kwa ncha ya kidole. Mzee Gunnar alinieleza kwamba hata mistari ya ubao haikupigwa kwa kalamu. Fundi aliuchovya upanga katika rangi nzito nyeusi, akaulaza ubaoni na kuuinua, kama ilivyofanywa tangu enzi za samurai. Ndiyo maana mistari ile iliinuka juu ya mti, mwembamba kila mmoja kama unywele.

Hilo la mistari kuinuka lishike. Mzee Gunnar alikuwa haoni. Macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu katikati, akabaki kuona pembeni kidogo tu. Aliucheza mchezo wake kwa vidole.

Alhamisi, kazi ikiisha, tulicheza. Mimi niliukuta mwepesi kuliko alivyotazamia, kwa kuwa nimelelewa kibarazani kwa babu yangu mcheza bao, na michezo hii miwili ina undugu. Katika bao, kete uliyoila haifi. Unaipanda upande wako ikutumikie. Katika shogi pia, askari unayemteka hauawi. Unamgeuza, unamrudisha ubaoni, anapigana kwa ajili yako. Siku moja nilipomteka jemadari wake na kumrudisha, nilisema, "Huyu ameshapata kibali cha kuishi." Mzee Gunnar alicheka mpaka akakohoa. Tangu hapo kila alipoteka kete yangu aliipangusa na kusema vivyo hivyo, kwa uso mkavu kama karani wa uhamiaji.

Sasa, rudi kwenye ile saa nane na dakika arobaini. Mzee alikuwa amelala baada ya chakula, nami nilikuwa na dakika ishirini. Nikautazama ubao. Majira ya baridi nyumba za huku hupashwa joto mpaka kila kitu kinakauka, na mti ule nao nikauona mkavu. Nilikuwa nimemwona akisugua kete kwa kitambaa chenye tone la mafuta. Nikakumbuka vilevile kwamba babu alilipaka bao lake mafuta ya nazi kila Ijumaa, likang'aa kama kahawa. Mimi ni mtu niliyejifunza mambo mengi peke yangu. Kiswidi chao nimekipata kwa kamusi ya maktaba, hesabu nimezipata kwa vitabu vya kuazima, na mtu wa namna hiyo huota kiburi kimoja kidogo: hupenda kukata shauri kuliko kuuliza. Nikajiambia, mti ni mti. Mkobani nilikuwa na chupa ya mafuta ya nazi, kwa kuwa bila hayo baridi ya huku hupasua ngozi. Nikaupaka ubao wa mzee kona hadi kona, kwa mapenzi yote.

Usilolijua ni usiku wa giza. Ule mti si wa kupakwa. Uliyanywa mafuta, ukatoka mabaka kama ramani. Nikaogopa, nikachukua sifongo ya jikoni na sabuni, nikasugua kwa upande mkali. Mabaka yakabaki. Kilichotoka ni mstari wa tatu kutoka upande anaoketi mzee, urefu wa shubiri moja.

Nikaufunika ubao kwa kifuniko chake na kumwandalia chai. Alipoamka alisema amechoka, tucheze wiki ijayo. Hakusikia harufu yoyote ngeni, maana nazi ndiyo harufu yangu ya kila siku. Nami nikawaza neno ambalo mpaka leo linanitia aibu: haoni.

Siku iliyofuata niliomba ofisini nibadilishane Alhamisi na Mama Furaha. Huyu alikuwa mama wa Kikongo kutoka Uvira, jirani yangu pale Alby, tuliyefanya naye kazi moja. Sikumwambia sababu. Wiki tatu zikapita.

Jumapili moja Mama Furaha alinialika kula. Nilimkuta jikoni akiitengeneza sombe, yale majani ya muhogo wanayoyauza hapa yakiwa barafu, na akiwa bado amevaa nguo za kanisani.

"Yule muzee wako hachezake tena," alisema bila kugeuka. "Anagusa ile mbao, anagusa, kisha anatoa mukono. Aliniambia, Furaha, kwanza yalienda macho, sasa ni vidole. Kesho itakuwa kichwa. Akaniomba niiweke juu ya kabati."

Mwanangu, nilikuwa na kijiko mkononi. Nilikiweka chini polepole, kama mtu anayehofia kuamsha mtoto. Mzee alikuwa ametafuta mstari wa tatu, asiuone kwa vidole, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia lolote, akauandikia mwili wake kosa langu.

Mama Furaha aligeuka. "Na wewe mbona umenyamaza sawa mutu mwenye ameiba kuku?"

Nikamwambia yote. Alizima jiko kwanza, ndipo akaniketisha.

"Sikia, mutoto wangu. Kuharibu mbao, ile ni bahati mubaya. Lakini umemuibia muzee vidole vyake, na uko hapa unakula sombe yangu. Pardon, kuomba musamaha, haiuake mutu. Kesho unaenda."

Kisha akanipakulia, kwa sababu alisema mtu hawezi kuomba radhi na tumbo tupu.

Jumatatu haikuwa zamu yangu. Nilikwenda bila sare ya kazi. Nikaushusha ubao kutoka juu ya kabati, nikauweka mbele yake, nikasema nilichofanya tangu mwanzo, na saa yake. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini hawakusema jinsi unavyopata baridi siku ya kujifunua. Mzee Gunnar alinyoosha mkono kuelekea ubao.

"Nionyeshe wapi," alisema.

Nikashika kidole chake cha shahada, nikakilaza juu ya mti. Hapa mstari upo. Hapa haupo. Hapa upo tena. Akarudia mwenyewe, mara ya pili, mara ya tatu.

"Kwa hiyo si vidole vyangu."

"Si vidole vyako, Mzee. Ni mimi."

Alifunika uso kwa mikono yote miwili, akakaa hivyo. Alipoishusha, macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imara.

"Ubao ni mti, Yusufu. Ungeniambia siku ileile, ningekasirika mpaka jioni, basi. Wewe umeniacha wiki tatu nikijizika kidogo kidogo."

Akauliza ni mafuta gani. Nikasema ya nazi. Akautikisia ubao kichwa, akasema Keiko angenifukuza kwa ufagio mpaka kituo cha treni, kisha angeniita nirudi ninywe chai.

Safari hii niliuliza kabla ya kugusa. Nilimwomba ruhusa ya kujaribu jambo, nikamweleza lote, akakubali. Nilinunua uzi mweusi wa cherehani. Yeye akatoa gundi ya mbao kutoka droo yake. Niliunyoosha uzi kwa rula palipofutika mstari, yeye akiufuata kwa kidole na kuniamuru: kulia kidogo, hapana, umepita, rudi. Fundi wa Japani alitumia upanga na pumzi moja. Sisi tulitumia alasiri nzima. Ulipokauka, alipitisha kidole mwanzo hadi mwisho bila kukwama, akapanga kete.

Alinishinda siku hiyo. Alipomteka mpanda farasi wangu alimpangusa, akamgeuza, akasema, "Huyu ameshapata kibali cha kuishi." Nami, kijana mzima, ikabidi nitazame dirishani.

Alicheza juu ya uzi ule miaka minne zaidi, mpaka alipotutoka. Mabaka hayakuondoka kamwe.

Basi sikia nasaha yangu, mwanangu, wewe unayejifunza mengi peke yako kwenye simu na vitabu, na kunijibu kwa Kiswidi nikikuuliza kwa Kiswahili. Elimu ya kujipatia ni njema, lakini cha mtu kina mwenyewe, na mwenyewe anajua usichokijua. Uliza. Kuuliza si ujinga. Na ukikosea, maana utakosea, sema siku hiyohiyo, kabla chai haijapoa. Kosa lililofichwa halikai bila mwenyewe. Litazunguka nyumba nzima likimtafuta mtu asiye na hatia, na likimpata, litamkalia kifuani, naye ataamini ni lake. Usimtwishe mwenzio mzigo wako kwa sababu tu haoni ulikotoka.

Mungu akupe mikono mipole na ulimi usiochelewa. Akukutanishe na wazee watakaokukaripia na kukupakulia chakula saa ileile. Na siku utakapoogopa kusema kweli kwa kuhofia gharama yake, kumbuka kwamba mimi yangu niliilipa, na risiti ninayo mpaka leo: uzi mweusi, krona kumi na nane.