Mfyatua Matofali Aliyesingiziwa Mvua

Mwaka ule Nachingwea walikwisha kupata mvua, sisi Ruangwa tukabaki kuitazama ikinyesha kwa mbali. Watu walikuwa wamepanda mahindi kwenye vumbi, na mtu mwenye mbegu ardhini hana subira. Mtaani kwetu wakapata wa kumlaumu: jirani yangu mfyatua matofali. Eti kafunga mvua ili matofali yake yakauke.

Mimi ni mwalimu wa kuja, mzaliwa wa Bukoba ambako mvua haiombwi, na ulimi wangu ni mwepesi. Nilibishana na watu bombani hadi sauti ikakauka. Ya wakubwa ningeyaacha, lakini binti wa yule jirani, mwanafunzi wa darasa la tatu, watoto wenzake waliacha kucheza naye. Siku moja akaniuliza, "Mwalimu, baba anaiweka wapi hiyo mvua?" Niliona uchungu, kisha hasira.

Jumamosi nikawaita watoto wa mtaa uani kwangu, naye akiwemo. Nikabandika sufuria la maji jikoni. Yalipochemka nikashikilia juu yake mfuniko uliojaa vipande vya barafu. Punde matone yakajikusanya chini ya mfuniko, yakaanza kudondoka.

"Mvua!" wakapiga kelele.

Nikawaeleza kwamba mvuke kama ule hupanda kutoka mitoni na baharini, ukikuta baridi huko juu hugeuka matone. Yakiwa madogo huelea, nasi tunaita wingu. Yakikua huanguka.

Kisha nikamwaga barafu, nikafunika sufuria na kuupalia mfuniko makaa, kama tunavyopalia wali. Tukangoja. Nilipouinua kwa koleo, chini yake palikuwa pakavu.

"Imefungwa!" mtoto mmoja akasema.

"Nani kaifunga?"

Aliyejibu ni binti wa mfyatua matofali. "Joto. Mvuke upo, baridi ndiyo haipo."

Mama mmoja jirani, aliyekuwa akichungulia kwenye ua, akabetua mdomo. "Hilo sufuria lako, mwalimu. Mbingu si sufuria." Hapo hakukosea sana. Lakini jioni ile niliwaona watoto wakicheza rede, na binti yule yumo katikati, akikwepa mpira.

Siku chache baadaye wingu zito likaja kutoka upande wa Nachingwea. Watoto ndio waliliona kwanza. Wakakimbilia kwenye matofali mabichi, wakimsaidia mwenyewe kuvuta turubai. Hata yule mama wa uani akatoka mbio na turubai lake la kuanikia ufuta. Hawakuwahi. Mvua ikamwagika, safu za juu zikawa tope, na mfyatua matofali akasimama pale, kalowa chapachapa, mikono kiunoni.

Binti yake akaruka ndani ya dimbwi, akapaza sauti mtaa mzima usikie:

"Mmeona? Hata matofali ya baba yamelowa!"

Baba akamtazama, akatazama tope lake, akaangua kicheko.